Naomba ushauri: jeni za ribosomu za E. coli zinaongezeka kwenye chakula kizuri?

Habari zenu wakuu, hasa mliosomea mikrobiolojia. Napima wingi wa jeni ya 16S (moja ya jeni za ribosomu) kwenye bakteria E. coli kwa qPCR (njia ya kuhesabu nakala za DNA), nikiilinganisha na jeni moja iliyo karibu na ter, pale kunakili kromosomu kunapoishia. Bakteria wakiwa kwenye LB, chakula chenye virutubisho vingi, uwiano unapanda juu ya 7 waziwazi. Kwenye asetati, ambako wanakua kwa kujikongoja, unarudi karibu na 7. Nimetoa DNA upya na kukagua ufanisi wa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia qPCR), tofauti haiondoki.

Najua operoni zote 7 za ribosomu (mafungu ya jeni, kila moja likiwa na 16S) ziko nusu ya kromosomu iliyo upande wa oriC, pale kunakili kunapoanzia, na seli inayogawanyika kila dakika 20 huanzisha duru jipya la kunakili kabla la awali, la dakika 40 hivi, halijaisha. Hivyo jeni za upande wa oriC huwa na nakala nyingi kuliko za ter, kwa hiyo naona si kosa la maabara. Ila msimamizi wangu anataka namba moja tu ya nakala za 16S, basi!

Je, niongeze jeni rejea (ya kulinganishia) ya karibu na oriC, au ya ter inatosha? Na seli nizivune zikiwa kwenye ukuaji wa kasi, au zikishatulia?