Diski kubwa, kalipa ile ile: tunaboresha breki au tunajidanganya?

Wadau, mada hii imezua ubishi mkubwa kila ninapoigusa, kwa hiyo naiweka mezani tuijadili kwa utulivu. Breki si mali ya mwenye gari peke yake. Mtoto anayevuka barabara mbele yako naye anazitegemea, hata kama hajui diski ni nini.

Swali lenyewe ni hili. Mtu ana gari lenye nguvu, anaona breki zinachoka. Anavua diski za kiwandani (sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu), anafunga zenye kipenyo kikubwa zaidi, lakini kalipa (vibanio ambavyo pistoni zake husukuma pedi za msuguano zibane diski) anaziacha zile zile na kuzisogeza nje kwa braketi, yaani kipande cha chuma cha kuongezea. Je, amefanya kazi ya maana au amejitafutia balaa?

Wanaounga mkono husema gari litasimama ndani ya umbali mfupi zaidi. Wanaopinga husema ni urembo wa kujaza nafasi ndani ya rimu, na kwamba anayetaka breki kubwa anunue seti nzima yenye kalipa za pistoni nne au sita, la sivyo aache. Mimi naona jambo hili linafaa, tena linafaa sana likifanywa kwa vipimo. Lakini sababu yangu siyo ile ya wanaounga mkono, na hapo ndipo ninapokosana na pande zote mbili.

Nianze na umbali wa kusimama. Kama breki zako za sasa zikikanyagwa kwa nguvu zinaifanya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) ianze kupiga, basi zimeshafika mwisho wa uwezo wa tairi. Kuanzia hapo diski iwe kubwa kiasi gani, gari haliwezi kusimama haraka zaidi, kwa sababu kinacholishikilia gari barabarani ni mpira. Anayetaka kusimama mapema kwa mkanyago mmoja wa dharura aweke pesa yake kwenye tairi nzuri. Fundi anayekuahidi mita kadhaa pungufu kwa diski peke yake anakuuzia kitu ambacho diski haina.

Faida ya kweli ni joto. Chukua gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 200 kwa saa. Kulisimamisha ni kugeuza nishati ya kama megajuli 2.3 kuwa joto. Kwa kilomita 100 kwa saa ni robo tu ya hiyo, maana mwendo ukizidi mara mbili nishati huzidi mara nne. Sasa tuseme kila diski ya mbele inabeba asilimia 35 ya mzigo huo. Diski ya chuma cha kusubu yenye kilo 8 itapanda kwa takriban nyuzi 220 za Selsiasi kwa mkanyago mmoja, tukiacha kando joto linalochukuliwa na hewa. Ile ya kilo 10 itapanda kwa nyuzi 175 hivi. Tofauti ya nyuzi 45 inaonekana ndogo, lakini kwenye uwanja wa mbio, au kwenye mteremko mrefu wa mlima, unakanyaga tena kabla diski haijapoa, na tena, na tena. Hapo ndipo pedi huanza kuteleza juu ya diski na mafuta ya breki kuchemka. Diski kubwa inachelewesha saa hiyo, na kwa kuwa ina eneo kubwa zaidi la kupigwa na upepo, inapoa haraka pia.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo naiheshimu: pedi ni ile ile ndogo, sasa inasaidiwa na nini? Jibu ni kwamba sehemu kubwa mno ya joto huingia kwenye diski, siyo kwenye pedi. Pedi ikisugua diski isiyo na moto mkali, nayo inabaki na nafuu. Isitoshe, pedi ikikaa mbali zaidi na kitovu cha gurudumu, inahitaji kubana kwa nguvu pungufu kidogo kupata nguvu ile ile ya kusimamisha. Ni habari ya wenzo: ukishika spana mwishoni mwa mpini, bolti inafunguka bila kukunja uso.

Na hapa niseme jambo ambalo wapenzi wa kalipa kubwa hawalisemi. Kuacha kalipa ya kiwandani si upungufu. Pistoni hazijabadilika ukubwa, kwa hiyo masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) inasukuma mafuta kiasi kile kile, na pedali inabaki pale mguu wako unapoijua. Ukifunga kalipa yenye pistoni kubwa kupita kiasi, masta silinda ya zamani inalazimika kusukuma mafuta mengi zaidi, na pedali inashuka chini. Kalipa ya kiwandani pia ina mipira ya kuzuia vumbi na maji, kitu ambacho kalipa nyingi za mashindano hazina.

Tena wabunifu wa viwandani wenyewe wamefanya hivyo. Kwenye Volkswagen Golf ya kizazi cha nne kuna magari yaliyotoka na diski za mbele za milimita 288 na mengine yenye milimita 312, unene ule ule wa milimita 25. Kalipa ni ile ile. Kilichobadilika ni kibebeo kinachoishikilia. Katikati ya pedi pamesogea nje milimita 12, nguvu ya kusimamisha imeongezeka kwa kama asilimia 10. Anayesema wazo lenyewe ni la kihuni inabidi atueleze hilo.

Lakini kiwanda kilipofanya vile kilipima kila kitu. Sisi je?

Mara ya kwanza nilipofunga, sikupima. Nilinunua diski na braketi za alumini mahali pamoja, nikaambiwa zinaingia bila kugusa chochote. Kweli ziliingia. Bolti zilikaza, gurudumu lilizunguka, nikaendesha wiki tatu nikijisifu. Siku niliyovua pedi kuzitazama, nilikuta ukingo wa juu haujasuguliwa kabisa. Ulibaki utepe wa upana wa milimita 4, umesimama juu ya sehemu iliyolika kama kidaraja, na ukipitisha kucha unakwama. Maana yake braketi ilikuwa imeisogeza kalipa mbali mno, na pedi zilikuwa zinachungulia nje ya ukingo wa diski. Upande wa diski ulio karibu na kitovu kulikuwa na duara la kutu ambalo pedi haikuwahi kuligusa. Kama ningeendelea, vile vidaraja viwili vingekua hadi vikakutana kwa nje, pedi zikabanana zenyewe kwa zenyewe badala ya kubana diski. Pedali ingekuwa ngumu kama kawaida, na gari lisingesimama.

Milimita 4. Ndiyo maana sipokei jibu la "inaingia" kutoka kwa mtu yeyote. Kuingia siyo kufaa.

Braketi ndiyo moyo wa kazi hii yote, na ndiyo watu wanayoibana bei. Zamani kalipa ilishikwa na bolti mbili kwenye nakeli, kile chuma kinachobeba gurudumu. Sasa kuna mbili za kushika braketi na mbili za kushika kalipa kwenye braketi, na kila mkanyago unazivuta zote. Kama uzi umekatwa moja kwa moja ndani ya alumini, kila ukifungua na kufunga unaukwangua. Mimi sasa nataka uzi wa chuma uliopachikwa ndani au bolti inayopita mpaka upande wa pili, na nakaza kwa spana ya torki, siyo kwa hisia za mkono. Unene wa diski nao ulingane na ule ambao kalipa ilitengenezewa. Ikizidi, pedi mpya hazitaingia; ikipungua, pedi zikilika pistoni itatoka nje kupita ilivyokusudiwa. Mambo ya nafasi ndani ya rimu na urefu wa hozi (mpira unaopeleka mafuta kwenye kalipa) usukani ukikatwa hadi mwisho kila mtu anayajua, siyarudii.

Turudi kwenye hoja nzito kuliko zote za wanaopinga, nayo ni mgawanyo wa breki mbele na nyuma. Ukiongeza mbele peke yake, umevuruga hesabu. Tuseme mbele ilifanya asilimia 70 ya kazi. Ukiipa nguvu ya ziada ya asilimia 10, sasa inafika kama 72, na breki za nyuma zinafanya kazi pungufu ya uwezo wao. Kwenye lami kavu huenda usione. Kwenye barabara yenye maji, uzito hauhamii mbele sana, kwa hiyo tairi za mbele zinafika mwisho mapema na ABS inaanza kupiga wakati nyuma kuna mshiko ambao haujatumika. Hiyo ina maana gari lililoboreshwa linaweza kusimama mbali zaidi kuliko lilivyotoka kiwandani. Hapa wapinzani wana haki, na sitaki kuwapinga. Ila nawaomba watofautishe: kuongeza kidogo mbele kunaweza kurefusha umbali wa kusimama, lakini gari linabaki limenyooka. Kuongeza nyuma peke yake kunaweza kufunga magurudumu ya nyuma kwanza, gari likageuka mkia mbele. Anayefanya hilo kwenye barabara ya watu wote hana utetezi kwangu.

Kisha kuna jambo la utaratibu, na hapa nawasema walio upande wangu. Wengi wanaokimbilia diski kubwa bado wana mafuta ya breki ya miaka minne. Mafuta haya hunyonya unyevu. Daraja la DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, lakini ikishalewa maji kiwango kinashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mtu amepoteza nyuzi 75 ndani ya chupa ya mafuta, halafu anatafuta nyuzi 45 kwenye diski! Badilisha mafuta, weka pedi zinazostahimili joto la matumizi yako, elekeza hewa kwenye kitovu cha diski. Uzito pia usisahaulike: diski nzito inazunguka na gurudumu, chini ya springi, na gari litalihisi kila kona. Ukiyafanya hayo yote na bado pedali inalainika mzunguko wa nne wa uwanja, hapo diski kubwa imepata kazi.

Kwa hiyo naomba michango, lakini ije na vipimo. Mnaopinga kabisa: kama kipenyo, unene na mgawanyo vimepimwa, na braketi ni imara, kosa linabaki wapi? Mnaounga mkono: nani kati yenu amevua pedi baada ya kilomita 500 za kwanza akazigeuza kwenye mwanga? Ulikuta zimesuguliwa uso wote, au kuna utepe umebaki juu?