Naomba ushauri: Buabua wakiruka hutoka weusi au manyoya yao meupe huungua

Lenzi_ya_Pwani (mwanzisha uzi)

Salaam wanajukwaa. Napiga picha za ndege wa baharini kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, ambako buabua na shakwe hukusanyika kwa wingi juu ya mafungu ya mchanga. Ndege waliotulia hawanipi shida hata kidogo. Shida huanza wanaporuka, kwa sababu ndege yuleyule, katika mfululizo mmoja wa picha, huwa mweusi anapopita mbele ya anga, kisha akishuka mbele ya maji ya mto, ambayo wakati wa mvua huwa na rangi ya udongo, mgongo wake hungʼaa kupita kiasi na unyoya hauonekani tena.

Natumia kamera yenye kihisi cha ukubwa wa APS-C na lenzi ya milimita 100–400. Huwa nachagua tundu la lenzi la f/6.3 na kuiachia kamera ipange kasi ya shata, na picha nahifadhi kwa JPEG. Baadaye najaribu kuzirekebisha kwa simu, lakini nikiongeza mwanga ndege hujaa chembechembe, na nikipunguza, weupe ulioungua hugeuka kijivu kitupu. Naomba kujua nipange vipi kamera nikiwa ufukweni, na ni kiasi gani cha kasoro hii kinaweza kurekebishwa wakati wa kuhariri.

Fundi_Mwanga

Ndugu, kamera yako ni nzima. Kipimo chake cha mwanga hakijui kwamba wewe unamtazama ndege. Kinachukua mwanga wa fremu nzima na kujaribu kuufikisha kwenye kijivu cha wastani. Mawingu meupe yakijaza fremu, kamera huona mwanga umezidi, huupunguza, na buabua huwa giza. Maji ya Sabaki yakijaza fremu, huona giza, huongeza mwanga, na mgongo mweupe huungua. Wakati wote huo jua linalompiga ndege ni lilelile, kwa hiyo usiiruhusu kamera iamue upya kila ndege anapohama kutoka usuli mmoja kwenda mwingine.

Weka modi ya M, yaani ile ambayo wewe mwenyewe unapanga kila kitu. Kwenye jua kali lisilo na wingu, kanuni ya zamani ya f/16 bado inafaa sana: kwa f/16, kasi ya shata iwe moja chini ya namba ya ISO, yaani unyeti wa kihisi kwa mwanga (ISO 800 ni 1/800). Ukihesabu kuanzia hapo, ISO 800 kwa f/8 inakupa 1/3200, kasi ambayo hugandisha mabawa ya buabua bila wasiwasi. Hesabu hiyo ni ya kitu chenye rangi ya wastani, na buabua ni mweupe, kwa hiyo punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu nzima (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu), yaani ushushe ISO hadi 500 au 400 na kuviacha vingine vilivyo. Mpige kwanza ndege aliyesimama juani, ukiwa umewasha onyo la sehemu zilizoungua, kisha uitazame histogramu, ile grafu ya mwanga ambayo giza liko kushoto na weupe kulia: weupe wake usogee karibu na ukingo wa kulia bila kuugonga. Ukishafika hapo, usiguse kitu mpaka mwanga wa jua wenyewe ubadilike. Anga likitoka jeupe au maji yakitoka na giza, yaache, kwa kuwa kilichokupeleka pale ni ndege.

Jambo moja ambalo wengi hulipita: itazame histogramu ya rangi zote tatu. Yule buabua mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, Thalasseus bengalensis, jua la jioni likimpiga, chaneli (sehemu ya rangi) nyekundu ya mdomo wake hujaa kabla ya nyingine, na mdomo huonekana kama umepakwa rangi kwa brashi, hata kama histogramu ya jumla inaonyesha kwamba kila kitu ni salama.

Kusi_na_Kaskazi

Nakubaliana na Fundi kuhusu siku za jua safi. Siku za mawingu yanayopita, mimi naona modi ya M yenye ISO ya kudumu humchelewesha mtu, kwa sababu wingu linaweza kula stopu mbili au zaidi kabla hujafikia gurudumu la kamera. Siku kama hizo mimi hupanga f/7.1 na 1/2500, huiachia kamera ISO, kisha huongeza fidia ya mwanga ya stopu moja hadi moja na nusu ndege wakiwa mbele ya mawingu meupe, na huirudisha hadi sifuri au chini yake wakishuka kwenye maji. Inahitaji kidole chepesi, lakini inaokoa picha nyingi.

Kabla ya hayo yote, chagua mahali pa kusimama. Ndege wa baharini huruka na kutua akiukabili upepo. Wakati wa kaskazi, asubuhi, jua na upepo hutoka takriban upande mmoja, kwa hiyo ukisimama upande wa bahari na jua likiwa mgongoni mwako, ndege watakuja wakikutazama, kifua na uso vikiwa na mwanga. Jioni mambo hugeuka: jua liko nchi kavu na upepo bado unatoka baharini, na ukisimama na jua nyuma yako utapata mikia mingi, isipokuwa uwasubiri wapite ubavuni. Piga kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri. Katikati ya siku jua la Malindi huwa karibu na utosi, mgongo wa ndege huungua huku tumbo likiwa gizani, na mvuke wa joto unaopanda kutoka mchangani huharibu ukali wa picha kwa namna ambayo programu haiwezi kuirekebisha. Mahali pekee panapokusaidia saa hizo ni juu ya mchanga mweupe, kwa kuwa mchanga hurudisha mwanga juu na kuangaza mabawa kwa chini.

Nakuomba pia, kwa dhati, usiwakimbize ili waruke. Wengi wao wamesafiri masafa marefu na pale wanapumzika. Subiri, mwewe akipita au maji yakifunika fungu, wataruka wenyewe.

Maskati_Bahari

Salaam kutoka Oman. Huku kwetu, kwenye matope ya Barr al Hikman, nampiga sana Dromas ardeola, yule ndege mla kaa mwenye mwili mweupe na mgongo mweusi, ambaye nanyi mnamwona Mida, Watamu. Yeye ni mtihani wa mwanga kuliko buabua, na amenifundisha kwamba JPEG haitoshi kwa kazi hii. JPEG hubeba viwango 256 kwa kila rangi. RAW, yaani faili ghafi la kihisi, ya biti 14 hubeba 16,384. Hicho ndicho kinachokukwamisha kwenye simu, dada au kaka, maana unavuta kitu ambacho hakimo tena kwenye faili.

Piga RAW, ulinde weupe, kisha uinue weusi nyumbani. Sehemu yenye kivuli inaweza kuinuliwa stopu moja na nusu na bado ikapendeza, ilhali unyoya ulioungua katika chaneli zote tatu haurudi. Ikiwa imejaa chaneli moja tu, programu hukisia kwa kutumia mbili zilizobaki, na mara nyingine hukisia vizuri. Mimi natumia programu ya kuhariri iitwayo darktable, ambayo ni ya bure. Kwanza napanga mwanga wa jumla nikitazama sehemu nyeupe kuliko zote, hadi mistari ya manyoya ionekane. Kisha nainua kivuli chini ya bawa, na hapo naomba uwe na kiasi: bawa kwa chini likiwa na mwanga sawa na juu, jicho la mtazamaji hukataa, hata kama hajui sababu. Mwisho naenda kwenye jicho. Buabua mwenye kofia nyeusi hufichwa jicho ndani ya weusi huo, kwa hiyo nachora maski ndogo (eneo pekee litakalobadilishwa) juu yake na kuongeza nusu stopu, mpaka ile nukta ya mwanga iliyomo jichoni ionekane.

Lenzi_ya_Pwani

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimehamia RAW na modi ya M, na kwa mara ya kwanza naona mistari ya manyoya kwenye bawa la buabua aliyepita mbele ya povu la mawimbi. Limebaki jambo moja: nikilifanya anga liwe na giza kidogo kwa kutumia maski ya anga, mstari mwembamba mweupe hutokea kuzunguka bawa, hasa kwenye ukingo wa nyuma.

Maskati_Bahari

Ukingo huo wa nyuma ni mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kwa hiyo programu haiwezi kuamua kama ni ndege au ni anga, na huuacha nje ya maski. Liache anga lilivyo, umchague ndege na kumwinua yeye kwa theluthi moja au nusu ya stopu, na ukingo wa maski uulainishe kwa pikseli chache. Kama ni lazima anga lishuke, lishushe kwa mteremko wa giza linalopungua polepole, unaoanzia mbali na ndege. Chembechembe nazo ziondoe kwenye anga peke yake, kabla ya kuongeza ukali, kwa sababu ukizifuta kwenye bawa utaifuta pamoja nazo ile mistari uliyoihangaikia.