Kurudi kwenye pikipiki baada ya miaka mingi: DT ya zamani, Boxer au ya umeme?

MwanaWaBombo
Salaam wakubwa. Niliacha kuendesha mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, na sasa yuko darasa la nne. Ninaishi Bombo, kazi iko Kampala, na mara kwa mara lazima nifike shambani upande wa Luweero, ambako lami inaniacha njiani. Nina njia tatu: DT 125 yangu, Yamaha ya njia mbovu, iliyolala stoo, Boxer 100 ya jirani anayoiuza, ile ya Bajaj wanayotumia bodaboda, au ya umeme ambayo wenzangu kazini wanaisifu. Leseni ya daraja A nitaihuisha kwanza. Ipi itanirudisha barabarani nikiwa mzima?

FundiKatwe
Ndugu, DT iache kwa sasa. Ile ni injini ya mapigo mawili: chini haina nguvu, halafu ghafla inakurusha. Ukiachia mafuta, injini haipunguzi mwendo kama ya Boxer inavyopunguza, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa breki. Mkono uliosahau haupendi mambo hayo.
Halafu stoo imeshaila. Petroli ya zamani imeganda kwenye kabureta, sili za injini zimekauka, mafuta ya breki yamevuta unyevu. Angalia ubavuni mwa tairi, kuna tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukisoma 1214, hiyo ni wiki ya 12 ya 2014. Hata kama kashata za tairi bado zimesimama, mpira umekuwa mgumu na kwenye lami yenye maji hautakushika.

DadaWaArua
Fundi amesema kweli kuhusu stoo, lakini asiizike DT haraka. Mimi kazi yangu ni ya vijijini huku West Nile. Gurudumu lake la mbele la inchi 21 linapita juu ya mfereji ambao la inchi 17, kama la Boxer, linatumbukia. Kwenye murram, yaani barabara ya udongo, unasimama kwenye vikanyagio, magoti yanalegea, pikipiki inacheza chini yako na wewe umetulia. Kama safari nyingi ni za shamba, ifanyie matengenezo kamili. Kama ni za Kampala, kiti kile kiko juu mno kwa foleni.

StejiWandegeya
Chukua Boxer, mzee. Miguu inafika chini, spea ziko kila kona, na hata fundi wa chini ya mwembe anaifahamu. Ubaya wake: breki za dramu zinataka ubonyeze mapema. Tena abiria watakupungia mkono kuanzia Kawempe mpaka mjini, na wenye taksi watakubana wakidhani wewe ni mmoja wetu wa bodaboda. Zoea tu.

KimyaKimya
Ninaendesha ya umeme. Haina klachi wala gia, kwa hiyo akili yote iko barabarani, na kwa anayerudi hilo ni jambo kubwa. Lakini inavuta papo hapo ukigusa mkono, na watu hawakusikii, wanavuka bila kugeuka. Kwa Luweero sikushauri mpaka uwe na uhakika utabadilishia betri wapi.

AfandeMstaafu
Vijana mnalinganisha vyuma. Linganisheni pia namna ya kurudi. Kuna ya kwenda uwanjani peke yako, kuna ya kumlipa mwalimu, kuna ya kumfuata rafiki barabarani siku ya kwanza. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, maana utashindana naye bila kujijua.
Mimi ningelipa mwalimu kwanza, kisha uwanja wa shule Jumapili. Zungusha namba nane polepole, ukitazama unakokwenda, si gurudumu. Funga breki kutoka kilomita 30 kwa saa, kisha 40: ya mbele ukiikaza taratibu kadiri uzito unavyohamia mbele, bila kuinyakua. Kwa mwendo wa 60, sekunde moja ya kushtuka imekula karibu mita 17 kabla hujagusa breki. Na barabara ya Gulu, utakayopita kutoka Bombo kwenda Kampala, ina malori na mabasi yasiyokusubiri.

FundiKatwe
Afande, ongeza kwamba kwenye murram breki ya mbele ni ya kuguswa tu. Ukiikaza ukiwa umepinda, umelala.

DadaWaArua
Na mvua inapoanza, simama kidogo. Maji ya kwanza yanainua oili na vumbi kwenye lami. Usibebe mtu mapema, hata mama watoto.

MwanaWaBombo
Asanteni. Nimeamua: mwalimu kwanza, Boxer ya jirani kwa mjini, DT ipelekwe kwa fundi polepole kwa ajili ya shamba. Helmeti yangu ya zamani bado nzuri lakini.

StejiWandegeya
Ya umri huo? Sponji ya ndani inachakaa hata ikikaa kabatini. Nunua mpya inayokubana mashavu, ufunge kamba ya kidevu.
Halafu kabla hujatoa hela, muulize jirani mpangilio wa gia. Kwenye DT yako, gia ya kwanza iko chini na zilizobaki unainua. Kwenye baadhi ya pikipiki za mjini, gia zote unakanyaga chini. Mguu wako unakumbuka ya DT, na ukiinua kwa mazoea ukiwa mbio, badala ya kupanda gia utashuka na gurudumu la nyuma litajifunga. Izungushe uwanjani mpaka mguu usahau.