Mjadala: Ndege ikiwa kubwa, ndiyo daraja la biashara lina starehe zaidi?

Mleta mada: Wakuu, imezoeleka kusema ukilipia daraja la biashara, fuata ndege kubwa. Napinga. Boeing 777 ina upana wa mita 5.87 ndani. Ikipangwa 2-3-2, yaani viti viwili, ujia, vitatu, ujia, viwili, kama Emirates walivyozipanga zao kwa miaka mingi, toa nusu mita kwa kila ujia, gawa kwa viti saba: kila abiria anabakiwa na sentimita 70 hivi. Embraer 190, ndege ndogo ya Kenya Airways (KQ), ina mita 2.74 tu, ujia mmoja, lakini mpangilio ni 1-2. Hesabu yake inatoka 75. Na kwenye ile 777 kuna mtu kalipa hela zote hizo kawekwa katikati!

Kipimo: Mkuu, umepima mabega ukasahau miguu. Kiti cha Embraer kinaegama, hakilali. Mchana kwa saa mbili sawa. Usiku kucha, shingo itakwambia. Boeing 787 ya KQ viti vinalala flati, ingawa ni 2-2-2, kwa hiyo wa dirishani akitaka choo lazima aruke miguu ya jirani.

Bintipwani: Nyote mnashika futi kamba, uchovu wenyewe uko kwenye hewa. Ndege za bodi ya aluminiamu, 777 ikiwemo, angani hewa ya ndani hufika wepesi wa mlima wa mita 2,400. 787 na Airbus A350 huishia kama 1,800, maana bodi ya nyuzi za kaboni inahimili shinikizo kubwa zaidi, tena haipati kutu, hivyo unyevu unaweza kuongezwa. Na 787 ni ndogo kuliko 777.

Kipimo: Kweli dada. Ila ukubwa una faida moja haitajwi: mlango. Kwenye Boeing 737, yenye ujia mmoja, wanaoingilia mlango wa mbele wote hupita begani kwako na mabegi yao. Kwenye 787 wengi huingizwa mlango wa pili, wakageuka nyuma.

Mleta mada: Hapo kwenye mlango nasalimu amri. Lakini flydubai wana 737 MAX zenye viti vya kulala, ndege ile ile nyembamba. Kwa hiyo kabla ya kulipa soma msimbo wa aina ya ndege kwenye tiketi: 738 ni 737-800, 7M8 ni hiyo MAX, toleo la MAX 8. Kisha fungua ramani ya viti. Na wakibadilisha ndege asubuhi ya safari, namba yako ya kiti inaweza kuangukia kiti cha kuegama.