Mjadala: Binti mfalme kapewa upanga, na mama wa kambo je?

Wadau wa riwaya za fantasia, huu mjadala naufungua kwa sababu unazuka kila inapotoka riwaya mpya ya vijana inayosimulia upya ngano ya kale kwa jicho la ufeministi. Mara Cinderella kakataa kuolewa, mara Snow White anaongoza jeshi, mara binti aliyelala miaka mia kaamka mwenyewe bila kubusiwa na mtu. Upande mmoja unashangilia. Upande wa pili unalalamika kwamba ngano zinaharibiwa, na kwamba zingeachwa kama zilivyo.

Msimamo wangu nautaja mapema: riwaya hizi nazitetea, tena bila kusitasita. Ila naona wengi wetu, wanaozipenda na wasiozipenda, tunazipima kwa kipimo kibovu. Tunatazama kama binti kashika upanga. Mimi natazama mama wa kambo na dada wa kambo wamefanywaje.

Nianze na hilo la "ziachwe kama zilivyo". Zilivyokuwa lini? Katika mkusanyiko wa ngano wa mwandishi Giambattista Basile, uliochapishwa Italia kati ya 1634 na 1636, Cinderella anaitwa Zezolla, na anamuua mama yake wa kambo kwa kumwangushia mfuniko wa sanduku shingoni. Binti aliyelala haamshwi kwa busu: mfalme anamkuta usingizini, anambaka, anaondoka zake, na binti anajifungua mapacha hajaamka bado. Mwandishi Charles Perrault wa Ufaransa, mwaka 1697, akayafuta hayo akatuletea kiatu cha kioo. Ndugu wawili Grimm wa Ujerumani wakaanza kuchapisha ngano zao mwaka 1812, na wakawa wanazikarabati toleo baada ya toleo hadi la mwisho la 1857. Katika lile la kwanza, anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi. Kufikia 1819 kageuzwa mama wa kambo. Mama wa Hansel na Gretel, wale watoto waliotelekezwa msituni, yakamkuta hayohayo baadaye. Rapunzel wa 1812, yule binti aliyefungiwa mnarani, anashangaa mbele ya mlezi wake mbona nguo zinambana, na msomaji anajua kwamba ni mja mzito; matoleo yaliyofuata yakaiondoa kauli hiyo.

Isitoshe, wengi wa waliowasimulia akina Grimm walikuwa wanawake. Dorothea Viehmann, mke wa mshonaji nguo, aliyeishi karibu na mji wa Kassel, ni mmoja wao. Mabinti wa familia za Wild na Hassenpflug ni wengine. Midomo ilikuwa ya wanawake, kalamu ikashikwa na wanaume wawili waliokuwa na mawazo yao kuhusu mke mwema na mama mwema. Mwandishi wa leo anayezigusa ngano hizi anafanya kilekile walichofanya wao, tofauti ni kwamba yeye anasema wazi kuwa kabadilisha. Kwangu hoja ya "asili" imeishia hapo.

Hoja nzito ni ya upande wetu tunaozishabikia.

Chukua tukio la kiatu katika ngano ya Cinderella kama lilivyo kwa Grimm: mwanamfalme anamtafuta mchumba wake kwa kiatu alichokiacha, na atakayeenea ndiye atakayeolewa. Dada mkubwa wa kambo anaingia chumbani na kiatu, kidole gumba kinagoma kuingia. Mama yake aliyemzaa anampa kisu na kumwambia akikate, maana akishakuwa malkia hatahitaji tena kwenda kwa miguu. Binti anakata, anameza maumivu, anatoka kwenda kwa mwanamfalme. Njiani njiwa wanapaza sauti kuwa kiatuni mna damu, anarudishwa nyumbani. Mdogo wake naye anakata kisigino, na damu inapanda hadi kwenye soksi nyeupe. Mwishoni, siku ya harusi, njiwa wanawadonoa wote wawili macho. Adhabu hiyo ya macho haikuwemo mwaka 1812, iliongezwa baadaye. Na kwa Perrault, Cinderella anawasamehe dada zake na kuwaoza kwa mabwana wa ikulu.

Sasa tazama kilichomo ndani ya chumba kile. Wasichana watatu wanaishi nyumba moja yenye mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni ndoa ya mwanamfalme. Mama kaona heri mwanawe awe kilema kuliko kuukosa mlango huo. Kama kuna mahali ufeministi una la kusema katika ngano nzima, ni pale kisu kinapotoka mkono wa mama kwenda mkono wa binti. Lakini riwaya ngapi zinakaa hapo? Nyingi zinampa Cinderella upanga, ulimi mkali na dharau kwa magauni, kisha zinawaacha dada zake walivyokuwa: wajinga, wenye husuda, wapenda vioo. Shujaa anasifiwa kwa sababu hafanani na wasichana wengine. Basi wasichana wengine wamefanya kosa gani? Msomaji wa miaka 14 anayependa kushona, mwoga wa ugomvi, anafunga kitabu akiwa ameambiwa kwamba heshima ni ya anayepigana kama mwanamume. Kwangu huo ni udhalilishaji uleule wa zamani, sasa umevaa deraya.

Tena mifano bora ipo ndani ya ngano zenyewe. Akina Grimm wana hadithi ya mchawi anayewateka dada watatu mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja anapewa yai alitunze na kukatazwa kufungua chumba kimoja. Wawili wa kwanza wanaingia na yai mkononi, linaangukia kwenye damu, wanauawa. Wa tatu anaweka yai mahali salama kwanza, ndipo anafungua. Anawakuta dada zake wamekatwakatwa. Anakusanya viungo, anavipanga kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu, navyo vinaungana, wanafufuka. Kisha anamfanya mchawi mwenyewe awabebe mgongoni hadi kwao, wamefichwa kikapuni chini ya dhahabu. Hakuna upanga humo. Kuna akili, na kuna dada.

Ipo pia ile aliyoichapisha Joseph Jacobs, mkusanyaji wa ngano za Kiingereza, mwaka 1890, ya Kate. Malkia anamwonea wivu binti wa kambo na kumfanya kichwa chake kigeuke cha kondoo. Kate ni mtoto wa malkia huyohuyo. Angeweza kubaki ikulu akastarehe, lakini anamfunika dada yake kichwa kwa kitambaa, anamshika mkono, wanaondoka pamoja kutafuta dawa. Na dawa anaipata. Mwandishi anayetafuta msingi wa riwaya ya vijana ataacha vipi mali kama hii?

Wanaosema riwaya hizi ni chuki dhidi ya wanaume sitawajibu kwa kirefu. Mwanamfalme aliyepewa akili na moyo wake mwenyewe ni bora kuliko yule wa kale ambaye hamtambui mchumba wake hadi apime kiatu. Wanaosema zinahubiri, hapo nawaunga mkono. Binti wa kijijini anaposimama mbele ya mfalme na kutoa hotuba kuhusu haki za wanawake, kijana anajua mara moja kwamba anayezungumza ni mwandishi. Na kutaka kuolewa si dhambi: shujaa anayempenda mtu na kumchagua kwa hiari yake hajausaliti ufeministi.

Linalonisumbua mimi mwenyewe ni hili. Siku hizi mama wa kambo anaandikiwa historia ya machungu, alinyimwa urithi, aliozwa kwa nguvu, na mwisho wa kitabu kila kitu kimesamehewa. Nataka aeleweke, ndiyo maana nimeandika yote haya. Lakini wapo vijana wanaosoma hadithi hizi huku wakiteswa na mtu mzima wa nyumbani kwao, na hao wanastahili kitabu kinachomwita mtesaji mtesaji, hata kama naye aliteswa. Kumwelewa mtu na kumwachia bila hukumu ni mambo mawili tofauti, na riwaya nyingi za sasa zinayachanganya.

Karibuni tubishane kwa hoja. Nataka hasa kusikia kutoka kwa mnaoandika: mama aliyempa mwanawe kisu, kitabu kikiwa chako, ungemhukumu vipi? Na nani ungempa haki ya kutoa hukumu hiyo, Cinderella au binti aliyekatwa kidole?