Nilisema nataka LOKA, mkanichomelea difu ya mbele!

Wakuu, naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya mafuta, mikono imejaa grisi nyeusi. Land Cruiser yangu ya Series 80 iko juu ya matofali hapa uani Mbale, Uganda, upande wa mbele kulia umefumuliwa. Halikuharibiwa na barabara ya Karamoja gari hili. Limeharibiwa na fundi, tena kwa pesa yangu.

Kazi yangu ni kupeleka watu na mizigo Kotido, Kaabong, wakati mwingine hadi Kidepo. Anayeujua ule udongo mweusi wa kule mvua ikishanyesha hahitaji kuelezwa. Gurudumu moja linazunguka kama feni, mwenzake amesimama kimya kama hayamhusu. Difu ya kawaida, lile boksi la gia linalogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, ndivyo ilivyo, nguvu inakimbilia upande usiokuwa na mshiko. Msimu uliopita nilichimba kwa jembe na panga kuanzia saa nane hadi giza likaingia, abiria wamekaa chini ya mti wananitazama tu. Nikasema basi, natafuta loka, kifaa cha kuifunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja.

Nikaenda gereji moja Kampala. Nikamwambia fundi nataka difu ya mbele iwe na loka. Akanijibu bila hata kunyanyua kichwa: "Mzee, kuloki difu ni kazi ya siku moja. Lete laki tatu na nusu."

Mimi nasema loka, kifaa. Yeye anasema kuloki, yaani kuzichomelea zile gia ndogo za ndani zishikane, difu ibaki pande moja la chuma daima. Ndiyo, bei ilipaswa kuniamsha. Loka ya upepo ya ARB na kompresa yake inapita dola 1,000 kabla hujagusa usafiri na ushuru. Laki tatu na nusu ya Uganda ingenunua nini zaidi ya vijiti vya kuchomelea na soda ya turnboi? Hilo kosa nalibeba mwenyewe. Ila fundi anayefungua difu ya mtu bila kuuliza swali moja tu, huyo simbebi: hii fowili (4WD) yako ni ya kuchagua, au inasukuma magurudumu yote manne muda wote?

Nilipompigia kulalamika, alinipa jibu ambalo hata humu jukwaani nimeliona mara nyingi: "Mbele haina shida mzee, ya nyuma ndiyo ingekula tairi." Na ubaya wake ni kwamba kuna magari ambayo jibu hilo linayafaa! Chukua Hilux ya zamani, au Land Cruiser ya 70 yenye hubu, vile vifungio vya katikati ya gurudumu, za kufunga na kufungua kwa mkono. Ukifika lami unafungua hubu, magurudumu ya mbele yanakuwa huru, kila moja linazunguka kivyake, na difu iliyochomelewa inakaa mle ndani haimsumbui mtu. Ukiingia tope unafunga hubu, unatukana uzito wa usukani kidogo, unavuka. Wapo wanaoishi nayo miaka na sina ugomvi nao.

Series 80 yangu haina hubu za namna hiyo. Fowili yake ni ya kudumu, na ekseli za mbele zimefungwa moja kwa moja kwenye magurudumu. Kwenye kona gurudumu la nje linasafiri mbali kuliko la ndani, difu iko pale kuwaruhusu wapishane. Ukiwaunganisha, lazima mmoja aburuzwe. Kwenye murramu ataburuzwa, changarawe itasogea, yaishe. Kwenye lami kavu nani atasogea? Aidha tairi linalia, au chuma kinavunjika.

Nilianza kuhisi kwenye foleni ya Mukono. Usukani mzito kama naendesha trekta, na nikiuachia unajinyoosha wenyewe kwa nguvu. Nikajidanganya kwamba ndiyo ugeni wa loka. Tukafika Namawojjolo, pale kwa kuku wa kuchoma, manyunyu yameanza. Teksi ya abiria ikasimama ghafla mbele yangu, wauza mishikaki wakaikimbilia. Nikakata usukani kulia. Magurudumu yamekata, nayaona yamekata, gari linaenda mbele! Lilitelezea pua moja kwa moja, na kilichotuokoa ni dereva wa teksi kuondoka. Kuna kijana alibaki na mishikaki yake mkononi, mdomo wazi, mimi na yeye tunatazamana. Nilikuwa na mke wangu humo ndani.

Nikapiga simu. Fundi: "Gari mpya hiyo mzee, itazoea." Itazoea! Chuma kilichochomelewa kinazoea nini?

Siku ya pili akanishauri nitoe propela shafti ya mbele, ile nondo inayopeleka nguvu kwenye difu ya mbele, nibonyeze loka ya katikati (ya difu iliyo kati ya mbele na nyuma), nitembelee magurudumu ya nyuma tu. Nikatoa. Nikazunguka uani, tairi zinaburuza vilevile, maana propela au hakuna propela, kulia na kushoto bado wamefungwa pamoja kupitia difu. Nikairudisha. Siku ya tatu natoka getini, nimekata usukani mpaka mwisho, nikasikia ta-ta-ta-ta, halafu PAA. Kikombe cha jointi ya sivii, ile inayopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limekatwa, kimepasuka.

Leo nimemwaga oili ya difu. Imetoka inameta rangi ya fedha. Boliti ya chini yenye sumaku imeota ndevu za chuma, na katikati yake kitonge cha chuma cha kuchomelea ukubwa wa punje ya mtama. Yaani hata kule kuchomelea kwenyewe kulifanywa ovyo, na vipande hivyo vimekuwa vikipita kwenye beringi tangu Kampala.

Sasa nyinyi wa humu mnaoandika "chomelea tu mkuu, bei nafuu, kazi ileile". Si kazi ileile. Loka ya kubonyeza unaiwasha kwenye tope, unaizima ukitoka. Zile za kujifunga zenyewe zinazoingia mahali pa gia ndogo ni nafuu zaidi, ila mbele ya gari la fowili ya kudumu nazo zitauvuta usukani, msimuuzie mtu bila kumwambia. Na kama pesa ni ya loka moja, mimi sasa ningeanza na nyuma. Krauni, ile gia kubwa ya difu, ya nyuma ya 80 ni inchi 9.5, ya mbele 8 tu, yaani nyuma ni imara zaidi.

Pesa ya fundi sijarudishiwa, simu hapokei tena.

Natafuta difu nzima ya mbele ya Series 80, resho (uwiano wa gia) 4.1 ilingane na ya nyuma, pamoja na jointi ya kulia. Mbale, Soroti, hata Jinja nitafuata. Mwenye nayo aje inbox, ila aifungue mbele yangu, nizungushe zile gia ndogo kwa kidole changu mwenyewe kabla sijatoa hata shilingi.