Homurani 27, nyumbani 1 tu: takwimu za Washington Senators 1945 ziko sawa?

Ngosha_Besiboli: Wakuu, tunaandaa chemsha bongo ya michezo hapa Kirumba, nimekwama kwa Senators, timu ya besiboli ya Washington, wa 1945. Msimu mzima homurani (pigo linalomfanya mpigaji azunguke besi, yaani vituo, zote nne na kupata alama, kwa kawaida mpira ukivuka uzio) ni 27, lakini Griffith Stadium, kwao kabisa, ni 1. Na bado wakamaliza wa pili kwenye American League, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani, nyuma ya Detroit! Nani kakosea kuandika?

MtuWaPasiansi: Hakuna kosa mkuu. Uzio wa kushoto pale ulikuwa futi 405 kutoka kwa mpigaji, kwenye mstari wa pembeni, mita 123 hivi. Viwanja vingi huwa kama mita 100. Chukua uwanja wa soka wa mita 105: simama goli moja, upige mpira upite goli la pili na mita 18 za ziada, bila kudunda. Kulia palikuwa karibu, futi 320, ila ukuta ulikwenda juu futi 30. Na hiyo moja yenyewe haikuvuka uzio. Joe Kuhel aliipata kwa miguu, Septemba, akazunguka besi zote nne mpira ukiwa bado uwanjani.

Sangara77: Kabla hamjalaumu wapigaji, angalieni wageni walipiga ngapi uwanja huohuo. Nao wakikwama, tatizo ni uzio. Halafu gawanya homurani kwa nafasi za kupiga, sio kwa mechi: mwenyeji akiwa anaongoza hapigi nusu ya mwisho ya awamu ya 9, inayofunga mechi, kwa hiyo nyumbani nafasi zinapungua.

MtuWaPasiansi: Umbali peke yake hautoshi. Coors Field ya Denver ina uzio wa mbali, lakini 1999 zilipigwa homurani 303 pale. Mji uko mita 1,600 juu, hewa nyepesi, mpira hausuguliwi sana. (Ziwa letu Victoria liko mita 1,134, nasi tunapata nafuu kidogo.) Tangu 2002 mipira ya pale hutunzwa kwenye chumba chenye unyevu, maana mkavu hudunda zaidi.

Ngosha_Besiboli: Shukrani. Na White Sox, timu ya Chicago, wa 1908, homurani 3 msimu mzima, niwaweke swali moja na hawa?

Sangara77: Hapana, watenge. Enzi ile mpira mmoja ulitumika mpaka ukalainika na kuwa mweusi, hata uzio wa karibu usingewasaidia. Swali la Kuhel liulize hivi: "Ilivuka uzio upi?" Wengi watataja wa kulia.